Hakimu Anapopaswa Kujitoa Kwenye Kesi: Mwongozo Kamili kwa Hakimu, Wakili na Mdaawa

Mjadala wa hakimu kujitoa huharibika mara nyingi kwa sababu watu huanza kwa kuuliza kama hakimu ni mwaminifu. Ukianzia hapo, hakimu anahisi ametukanwa, mdaawa, yaani mtu mwenye kesi, anaogopa kusema, na jambo ambalo lingemalizwa kwa dakika chache siku ya kutajwa kwa kesi linakuja kuibuka kwenye rufaa, wakati mashahidi wameshasikilizwa na gharama zimeshaliwa. Sheria inauliza swali tofauti. Inauliza kama mtu wa kawaida mwenye busara, aliyezijua habari zote muhimu na kuzipima kwa utulivu, angeona kuna uwezekano wa kweli kwamba hakimu huyu ataegemea upande mmoja.

Tofauti hiyo ndiyo inayoongoza kila hatua hapa chini. Tutatumia neno "hakimu" kwa maana ya yeyote anayeketi kuamua shauri, awe hakimu wa mahakama ya chini au jaji wa mahakama ya rufaa. Kanuni za kila nchi zina tofauti zake za fomu na muda, kwa hiyo soma mwongozo huu sambamba na kanuni za mahakama iliyo mbele yako.

Kipimo chenyewe

Mwaka 1852, House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, ilifuta amri za Lord Cottenham, jaji mwenye cheo kikubwa kuliko wote nchini humo, katika kesi ya Dimes. Kosa lake lilikuwa kumiliki hisa katika kampuni ya mfereji iliyokuwa mdaawa mbele yake. Waliofuta amri hizo walisema wazi kwamba hakuna aliyedhani hisa zile zilimwathiri hata kidogo. Hata hivyo amri zilifutwa, kwa sababu mtu hawezi kuwa hakimu katika shauri lake mwenyewe.

Kesi ya pili inayopaswa kujulikana ni ile ya mahakimu wa Sussex, Uingereza, inayonukuliwa kwa mwaka 1924. Dereva wa pikipiki alitiwa hatiani baada ya ajali. Naibu karani aliyeingia faragha na mahakimu walipokwenda kutafakari alitoka katika ofisi ya mawakili iliyokuwa ikimdai dereva huyo fidia kwa niaba ya upande wa pili wa ajali. Mahakimu hawakumuuliza neno, naye hakusema neno. Hatia ilifutwa vilevile. Hapo ndipo ulipotoka msemo kwamba haki haitoshi kutendeka, ni lazima pia ionekane wazi kwamba imetendeka. Angalia kwamba tatizo lilimhusu karani. Watu wanaomzunguka hakimu na kuingia naye ofisini nao wanahesabika.

Maneno ya kipimo kinachotumika leo katika nchi nyingi za Jumuiya ya Madola yalitulia katika kesi ya Porter v Magill, Desemba 2001: mtazamaji mwenye busara na mwenye habari. Mtazamaji huyu hashuku kila kitu, wala hadanganyiki kirahisi. Anajua kwamba hakimu ameapa, na kwamba kazi yake imemfunza kuweka kando hisia. Anajua pia kwamba binadamu huvutwa na fedha, damu na deni la fadhila bila hata kujitambua. Ndiyo maana upande unaolalamika hauhitaji kuthibitisha upendeleo halisi, jambo ambalo karibu haliwezekani kwa kuwa hakuna awezaye kupekua moyo wa mtu.

Hatua ya kwanza: liweke jambo kwenye fungu lake

Kabla ya kuandika chochote, amua tatizo lako ni la namna gani. Wengi hukosea hapa kwa kuchukua jambo la kupimwa na kulipeleka kama jambo lisilo na mjadala, au kinyume chake.

*Yasiyo na mjadala.* Haya yakithibitika, hakimu anatoka, bila kupima uzito wake.

La kwanza ni fedha. Sheria ya shirikisho ya Marekani ni kali: hisa yoyote katika kampuni ambayo ni mdaawa, hata iwe moja, inamtoa hakimu, na hisa ya mwenzi wake au ya mtoto mdogo anayeishi nyumbani kwake inahesabiwa vilevile. Fedha zilizo katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja hazihesabiwi, ila kama hakimu anashiriki kuusimamia mfuko huo. Uingereza wanaacha mwanya mwembamba kwa maslahi madogo mno yasiyoweza kumgusa mtu yeyote. Maslahi si lazima yawe hisa. Katika kesi ya Tumey, mwaka 1927, meya wa mji mmoja wa Ohio aliyekuwa akisikiliza kesi za pombe haramu alilipwa dola 12 za gharama alipomtia mtu hatiani, na hakulipwa kitu alipomwachia. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliifuta hukumu hiyo. Kwa hiyo uliza daima: je, matokeo ya kesi hii yanaongeza au kupunguza chochote mfukoni mwa hakimu au mwa watu wa nyumbani kwake?

La pili ni hakimu kuwa sehemu ya mdaawa. Novemba 1998 House of Lords iliamua kwa kura 3 dhidi ya 2 kwamba Augusto Pinochet, mtawala wa zamani wa Chile, hakuwa na kinga ya kutokamatwa. Baadaye ikajulikana kwamba Lord Hoffmann, mmoja wa watatu wale, alikuwa mwenyekiti wa taasisi ya hisani iliyo chini ya Amnesty International, shirika la haki za binadamu, na Amnesty yenyewe ilikuwa imeruhusiwa kujiunga na kesi. Hakulipwa chochote kwa kazi hiyo. Uamuzi ulifutwa Desemba hiyohiyo, na shauri likasikilizwa upya mbele ya majaji saba walioamua Machi 1999. Kesi hii ilipanua mlango: uhusiano wa karibu na lengo la mdaawa, hata bila fedha, unaweza kumtoa hakimu moja kwa moja.

La tatu ni kazi aliyoifanya hakimu katika shauri hilohilo kabla ya kuketi: alikuwa wakili, mwendesha mashtaka, shahidi wa jambo la msingi, au ndiye aliyetoa uamuzi unaokatiwa rufaa. Mwaka 2016, katika kesi ya Williams, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilisema jaji mkuu wa Pennsylvania hakupaswa kushiriki, kwa sababu miaka mingi nyuma, akiwa mkuu wa waendesha mashtaka, ndiye aliyeidhinisha kuombwa kwa adhabu ya kifo dhidi ya mtu yuleyule.

La nne ni ukoo. Kanuni nyingi hutumia daraja la tatu la undugu, kwa upande wa hakimu na wa mwenzi wake: wazazi, watoto, ndugu, babu na bibi, wajukuu, wajomba, shangazi, baba na mama wadogo na wakubwa, na watoto wa ndugu. Kanuni za Bangalore za maadili ya majaji za mwaka 2002, zinazofuatwa kama kielelezo duniani kote, zinaongeza wenzi wa watoto wa hakimu, na ndugu wa karibu, mwenza au mfanyakazi yeyote anayeishi nyumbani kwa hakimu. Jamaa huyo anaweza kuwa mdaawa, wakili au shahidi muhimu.

La tano ni hakimu kuyajua mwenyewe, nje ya mahakama, mambo yanayobishaniwa. Aliyeiona ajali hawezi kuamua nani aliisababisha.

*Ya kupimwa.* Hapa ndipo kesi nyingi zinapoangukia, na hapa ndipo busara inapohitajika: urafiki, ujirani, mteja wa zamani, ofisi aliyofanyia kazi, mkopo, maandishi na kauli za hadharani, mchango wa uchaguzi. Katika kesi ya Caperton ya mwaka 2009, mkuu wa kampuni ya makaa ya mawe iliyohukumiwa kulipa dola milioni 50 alitumia takriban dola milioni 3 kumsaidia mgombea wa ujaji wa mahakama ya juu ya West Virginia, huku akijua rufaa yake inakwenda hukohuko. Mgombea alishinda, akakataa kujitoa, kisha akawa mmoja wa majaji watatu dhidi ya wawili waliofuta malipo hayo. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilisema, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba alipaswa kujitoa. Si kila mchango unamtoa jaji. Kilichoangaliwa ni ukubwa wake ukilinganishwa na michango mingine, wakati ulipotolewa, na ukaribu wake na kesi.

Urafiki wa mitandao ya kijamii peke yake haufiki mbali. Mahakama ya juu ya Florida ilisema hivyo mwaka 2018 kuhusu urafiki wa Facebook kati ya jaji na wakili. Lakini picha za sherehe za pamoja na jumbe za kila siku ni habari nyingine, na zinapaswa kuelezwa kama zilivyo.

Kwa fungu hili tumia njia ya hatua mbili iliyowekwa na Mahakama Kuu ya Australia katika kesi ya Ebner mwaka 2000. Kwanza, taja jambo mahususi linaloweza kumfanya hakimu aamue kwa msingi mwingine usio ushahidi na sheria. Pili, eleza kamba inayounganisha jambo hilo na uamuzi unaohofiwa. Ukishindwa hatua ya pili, huna hoja, hata kama jambo la kwanza ni kweli. Kwamba hakimu alisoma chuo kimoja na wakili ni kweli, lakini linamvutaje aamue kwamba mkataba ulivunjwa?

*Yasiyotosha.* Dini ya hakimu, kabila lake, jinsia, umri, asili ya familia yake, chama cha wanasheria alichomo, au kwamba aliwahi kufundisha somo linalohusika. Katika kesi ya Locabail, iliyoamuliwa mwishoni mwa 1999, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliyaorodhesha mambo ya aina hii kwamba kwa kawaida hayawezi kuwa sababu. Hata hivyo kati ya rufaa tano zilizosikilizwa pamoja siku hizo, moja ilishinda: ya jaji wa muda aliyekuwa ameandika makala zenye kuegemea waziwazi upande wa wadai fidia za majeraha.

Kushindwa nako si sababu. Hakimu akikataa ombi lako, akikataa kielelezo chako, au akimkaripia wakili wako, dawa yake ni rufaa. Katika kesi ya Liteky ya Marekani ya 1994 ilielezwa kwamba maamuzi ya mahakama peke yake karibu hayawi kamwe msingi wa kumtoa jaji. Ili maneno ya hakimu akiwa kitini yamtoe, yawe yanaonyesha kwamba ameshafunga akili: mathalani anasema kabla ya shahidi kusimama kwamba hatamwamini.

Hatua ya pili, kwa hakimu: chuja jalada kabla hujalizoea

Hakimu anayesubiri kukumbushwa na wadaawa amechelewa. Tengeneza orodha ya maslahi yako na uihuishe angalau mara moja kwa mwaka, na kila mara jambo linapobadilika: hisa na hati fungani, ardhi na nyumba, mikopo unayodaiwa na unayodai, nafasi kwenye bodi na taasisi za hisani hata zisizo na malipo, ofisi za mawakili ulizofanyia kazi, wateja wakubwa wa zamani, na ndugu walio mawakili pamoja na majina ya ofisi zao. Weka pia maslahi ya mwenzi wako kadiri unavyoweza kuyajua. Kutouliza ili usijue hakumsaidii hakimu, kwa kuwa kanuni nyingi zinamtaka afanye juhudi ya kujua.

Mpe karani orodha ya majina peke yake, bila kiasi cha fedha, ili kila jalada jipya lipitishwe hapo. Majina ya kulinganisha ni zaidi ya yale yaliyo kwenye jalada la mbele. Tazama kampuni mama ya mdaawa, wakurugenzi, kampuni ya bima itakayolipa fidia, na mawakili wote waliotia saini.

Rudia uchujaji kila mdaawa anapoongezwa, kila wakili anapobadilishwa, na orodha ya mashahidi inapowasilishwa. Mashahidi ndio wanaosahaulika zaidi. Katika kesi ya AWG Group v Morrison ya mwaka 2006, jaji wa Uingereza aligundua kwenye mkesha wa kesi ndefu kwamba mmoja wa mashahidi ni mtu aliyefahamiana naye kwa miaka mingi. Upande uliomleta ukajitolea kutomwita, na jaji akaendelea. Mahakama ya Rufani ikamwondoa, ikisema kwamba gharama na usumbufu wa kuahirisha si mambo ya kuwekwa kwenye mizani pale mtazamaji mwenye busara angeona uwezekano wa upendeleo.

Hatua ya tatu, kwa hakimu: tamka, na litie kwenye kumbukumbu

Jambo likiwa la fungu la kwanza, usiwaombe wadaawa maoni. Jitoe. Likiwa la kupimwa, hata kama wewe mwenyewe unaona halina uzito, litamke mapema, mahakamani, pande zote zikiwepo. Tamko linaweza kuwa fupi hivi:

"Kabla hatujaendelea, naeleza kwa ajili ya kumbukumbu kwamba kwa miaka miwili, kabla sijateuliwa, nilifanya kazi katika ofisi ya mawakili inayomwakilisha mdaiwa. Sikushughulikia shauri lolote la mdaiwa wala sikuliona jalada lake. Ofisi hiyo hainidai wala siidai. Wadaawa wana siku saba za kutafakari. Mwenye pingamizi aliwasilishe kwa karani kwa maandishi, na nakala impate mwenzake."

Tamko hilo lina uhusiano wenyewe, mipaka yake, hali yake ya sasa, na muda wa kufikiri. Halina utetezi. Hakimu anayeongeza "na mnajua mimi ni mtu wa haki" ameanza kuwashinikiza. Wala halitolewi ofisini kwa mawakili wawili wakati wa mapumziko. Kisichoandikwa kwenye mwenendo wa kesi, mahakama ya rufaa haitakiona, na mdaawa mwenyewe, ambaye ndiye mwenye haki ya kupinga, atakuwa hakuambiwa.

Ridhaa ya wadaawa ina masharti. Iwe ya hiari, itolewe baada ya kuelezwa yote, itoke kwa mdaawa mwenyewe wala si kwa wakili peke yake, na iandikwe. Kanuni za mfano zinazotumika Marekani zinataka wadaawa na mawakili wao washauriane bila hakimu kuwepo. Sababu inaeleweka: nani atasema "sikutaki" mbele ya mtu ambaye huenda akabaki kuwa hakimu wake? Katika mahakama za shirikisho za Marekani, mambo ya fungu la kwanza hayaridhiwi kabisa, na mahali kanuni ziko kimya ni salama zaidi hakimu afuate msimamo huohuo.

Hatua ya nne, kwa mdaawa: jenga ombi lako

Andika tarehe uliyopata habari, siku hiyohiyo. Tarehe hiyo inaweza kuamua ombi lako. Mdaawa anayejua sababu akanyamaza, akasubiri kuona upepo unavuma wapi, kisha akaja nayo baada ya kushindwa, huhesabiwa ameridhia. Mahakama nyingi hazina huruma na jambo hili, na ni haki, kwa kuwa vinginevyo kila mtu angejiwekea akiba sababu ya kufutia hukumu asiyoipenda.

Kisha hakiki habari. Tafuta nyaraka: daftari la msajili wa kampuni, taarifa ya mwaka, hati ya ardhi, mwenendo wa kesi ya zamani, chapisho lenye jina la hakimu. Uvumi wa barazani usiuguse. Wala usimpeleleze hakimu nyumbani kwake, usimpigie simu, usimtumie ujumbe, usimwendee ndugu yake. Barua ya siri kwa hakimu ni kosa lenye sura mbaya kuliko hilo unalolilalamikia.

Kama una habari nusu, wakili wako anaweza kumwandikia msajili wa mahakama, nakala kwa upande wa pili, akiomba hakimu aeleze uhusiano uliotajwa. Mara nyingi jibu linamaliza mambo, ama kwa kuonyesha kwamba majina yamefanana tu, ama kwa hakimu kujitoa mwenyewe bila kelele.

Ikibidi kuomba rasmi, wasilisha maombi na hati ya kiapo, na umpatie mwenzako nakala. Ubora wa hati ya kiapo ndio ombi lenyewe. Linganisha aya hizi mbili. Ya kwanza: "Hakimu ana uhusiano wa karibu na mdaiwa, na kila mtu anajua atampendelea." Ya pili: "Tarehe 4 Machi, nikisoma taarifa ya mwaka ya kampuni ya mdaiwa, niliona jina la mke wa mheshimiwa hakimu kwenye orodha ya wakurugenzi. Nakala ya ukurasa huo imeambatishwa na kutiwa alama A1. Sikulijua jambo hili kabla ya tarehe hiyo. Mkataba unaobishaniwa katika shauri hili uliidhinishwa na bodi hiyohiyo."

Aya ya kwanza itatupwa, na ikiambatana na matusi inaweza kukuletea kesi ya kudharau mahakama. Aya ya pili ina tarehe, chanzo, kielelezo, maelezo ya kwa nini hukusema mapema, na ile kamba ya Ebner inayofunga jambo kwenye kesi. Haina neno hata moja linalomwita hakimu mbaya. Lugha ya heshima hapa inafanya kazi: inampa hakimu nafasi ya kutoka bila kuaibika.

Epuka kurundika sababu. Sababu moja nzito ikifuatwa na saba nyepesi inaonekana nyepesi nayo, na upande wa pili utajibu zile saba kwa furaha.

Hatua ya tano: kusikilizwa na kuamuliwa

Nani anaamua? Katika nchi nyingi zenye mfumo wa Kiingereza, ombi huanzia kwa hakimu mwenyewe anayelalamikiwa. Wapo wanaoona huko ni sawa na kesi ya nyani kumpelekea ngedere, na malalamiko hayo yana nguvu. Kinga yake ni uamuzi wenye sababu zilizoandikwa, na mahakama ya juu inayoweza kuupitia. Ujerumani, majaji wengine ndio huamua bila mlalamikiwa kushiriki. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kifungu cha 41 cha Mkataba wa Roma kinataka wingi kamili wa majaji, na anayepingwa anaruhusiwa kutoa maelezo lakini hapigi kura.

Hakimu anayeamua ombi dhidi yake ajifunge na mambo matatu. Asiwe shahidi: kama hati ya kiapo inasema jambo la uongo kuhusu yeye, aseme ukweli kwa ufupi kwenye uamuzi, asimhoji muapaji. Asijibu swali lisiloulizwa, yaani asiandike kurasa tano kuhusu uadilifu wake wakati hoja ni mtazamaji angeona nini. Asilipize: amri ya gharama dhidi ya ombi lililoletwa kwa nia njema hunuka.

Kuna pande mbili za kukosea. Mwaka 1999 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ikikataa kujitoa katika kesi ya chama cha raga, ilikumbusha kwamba jaji ana wajibu wa kuketi katika kesi ambazo hana sababu ya kujitoa. Hakimu anayetoka kila anapolalamikiwa anawafundisha watu kuchagua hakimu: mdaawa asiyempenda huyu analeta malalamiko, anapangiwa mwingine. Anawabebesha pia wenzake mzigo wake, hasa kesi ngumu na zenye macho ya umma. Kwa upande mwingine, Locabail ilisema shaka ya kweli ikibaki, itatuliwe kwa kujitoa. Kauli hizi hazigongani. Wajibu wa kuketi unajibu malalamiko matupu, na shaka inajibu malalamiko yenye nyaraka. Malalamiko yaliyopelekwa kwenye chombo cha nidhamu baada ya kesi kuanza hayamtoi hakimu kwa kuwepo kwake tu, la sivyo mtego ungekuwa wa bei nafuu mno.

Ombi likikataliwa, mwombe hakimu aandike sababu, kisha angalia kanuni kama uamuzi huo unakatiwa rufaa papo hapo au husubiri hukumu ya mwisho. Mahali pengi unasubiri. Endelea na kesi, lakini pingamizi lako liwe limeandikwa kwenye mwenendo, ili lisije likasemwa umelitupa. Usisuse. Mdaawa anayetoka mahakamani kwa hasira hukuta hukumu imetolewa bila yeye.

Hatua ya sita: baada ya kujitoa

Hakimu akishasema anajitoa, mikono yake iko nje ya jalada. Kinachobaki ni kulirudisha kwa msajili au jaji mfawidhi ili lipangiwe mwingine. Asitoe amri ya zuio "ya muda tu", asipange ratiba ya mashahidi, asipendekeze nani alichukue. Kuchagua mrithi ni kuendelea kuamua kwa mlango wa nyuma. Sababu za kujitoa ziandikwe kwa mistari michache, isipokuwa zikihusu siri ya kifamilia, na hapo "sababu binafsi zinazonigusa" inatosha. Uamuzi usio na sababu kabisa humwachia hakimu anayefuata jalada lenye maswali.

Amri zilizotolewa kabla ya kujitoa hazifi zenyewe. Zinabaki na nguvu hadi zifutwe, kwa hiyo mdaawa anayetaka zipitiwe aombe hivyo waziwazi, akionyesha tarehe ambayo mgongano wa maslahi ulianza. Kama ushahidi ulishaanza kusikilizwa, hakimu mpya ataamua kama aendelee ulipoishia au aanze upya. Pale uaminifu wa mashahidi ndio kiini cha kesi, omba kuanza upya, kwa sababu kumsoma shahidi kwenye karatasi si sawa na kumwona akijibu.

Katika jopo, jaji mmoja akitoka angalia akidi, yaani idadi ya majaji inayotakiwa kisheria. Waliobaki wakitosha kisheria, wanaweza kuendelea. Wasipotosha, aongezwe mwingine na hoja zirudiwe mbele yake. Kama aliyetoka alishashiriki mashauriano ya faragha, swali la iwapo amewaambukiza wenzake litaulizwa, na ni heri mahakama ilijibu yenyewe kabla haijaulizwa. Hilo ndilo somo la Pinochet, ambako jopo zima lilibadilishwa.

Pale ambapo hakuna wa kuchukua nafasi

Mara chache sana sababu ileile inamgusa kila hakimu aliyepo. Mfano unaojulikana ni kesi ya Will, Marekani, mwaka 1980, iliyohusu mishahara ya majaji wa shirikisho wote, wakiwemo wale waliopaswa kuiamua. Hapo hutumika kanuni ya ulazima: kama hakuna mahakama nyingine inayoweza kuundwa, hakimu huketi, kwa kuwa kumnyima mtu mahakama kabisa ni dhuluma kubwa zaidi. Kanuni za Bangalore zinairuhusu pia pale ambapo kutochukua hatua haraka kungeleta dhuluma kubwa.

Kanuni hii isitumiwe kwa uvivu. Kabla ya kuitaja, hakimu aandike kwamba ameuliza kama kuna hakimu wa wilaya nyingine, jaji wa muda, au jaji mstaafu anayeweza kuteuliwa kisheria, na amejibiwa nini. Kwenye dharura, kama mtoto kuondolewa mikononi mwa mtu hatari au mali kuzuiwa isitoroshwe, atoe amri ndogo kabisa inayotosha kushikilia hali, aandike uhusiano wake ndani ya amri hiyohiyo, aweke tarehe ya karibu ya kuisha kwake, na jalada liende kwa mwenzake siku hiyo.